Uta Huanzia Mtini: Chagua Vizuri, Usiumalize Mti

Kila mwaka tamasha za muziki na utamaduni zinapokaribia, vijana wetu huingia vichakani na panga kutafuta miti ya kutengenezea uta. Hurudi na fimbo zilizonyooka, za kupendeza macho. Wanazichonga siku hiyo hiyo, jioni wanafunga ugwe, na asubuhi uta umepinda kama mundu wala haunyooki tena. Mwingine hupasuka katikati ya mazoezi na kipande kikaruka karibu na jicho la aliyeushika. Kesho yake kijana yuko kichakani tena, anakata mti wa pili, kisha wa tatu.

Hapo hasara ni tatu kwa pamoja. Mtu anaweza kuumia. Miti iliyochukua miaka kukua katika ardhi kavu inaishia kuwa kuni. Na kijana anaamini kwamba kutengeneza uta ni siri ya wazee ambayo yeye hawezi kuipata, ilhali kosa lilifanyika mapema, kabla panga halijagusa gome. Mti haukuchaguliwa. Uliokotwa tu.

Makala haya yanamweleza mkazi anayetaka kutengeneza uta wa kienyeji, iwe ni kwa ngoma, kwa maonyesho, kwa kulenga shabaha au kwa kuuza kama kazi ya sanaa, namna ya kuchagua mti unaofaa, kuukata bila kuuua, na kuukausha ili kazi yake idumu. Tumezingatia zaidi maeneo makavu ya Ukambani, kama Kibwezi, Makindu na Mtito Andei, kwa sababu huko ndiko miti bora ya uta inakoota.

KINACHOTOKEA UTA UNAPOVUTWA

Kabla ya kuchagua mti ni vyema kujua mti huo utafanyishwa kazi gani. Ukivuta ugwe, upande wa uta unaotazama shabaha hunyooshwa kwa nguvu. Upande unaokutazama wewe hubanwa. Tuite upande wa kwanza mgongo wa uta, na wa pili tumbo la uta.

Mti si kitu kimoja kigumu kama chuma. Ni nyuzi nyingi ndefu zilizolala pamoja kutoka mizizini kwenda juu, mfano wa kamba ya katani. Kamba ikivutwa kwa urefu wake huhimili mzigo mkubwa. Lakini ukikata nyuzi chache za juu kwa kisu, itaanza kufumuka pale pale ulipokata. Mgongo wa uta hufanya vivyo hivyo. Fundi akichonga ovyo na kukata nyuzi za mgongo, kibanzi huinuka mahali hapo, kisha uta huvunjika.

Tumbo nalo huharibika kwa njia nyingine. Likizidiwa na kubanwa, hufanya mikunjo midogo kama ya ngozi, na uta hubaki umepinda hata ugwe ukifunguliwa. Hili ndilo huwapata wanaotumia mti mbichi. Maji yaliyomo ndani hulainisha nyuzi, tumbo likakubali kubanwa na lisirudi tena.

Kwa hiyo mti wa uta unatakiwa kuwa na sifa mbili ambazo mara nyingi hazikai pamoja: uwe na nguvu za kusukuma mshale, na uwe mnyumbufu wa kukunjwa mara nyingi bila kuvunjika. Wengi hutazama ugumu peke yake. Huona mti unaotoa panga meno wakadhani ndio wenyewe. Lakini mti unaweza kuwa mgumu sana na bado ukakatika ghafla ukikunjwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

MKONE, AU MULAWA

Katika nyika zetu, jamii ya miti iliyotumika kwa uta kwa muda mrefu ni mikone. Iko aina nyingi. Mmoja unaofahamika zaidi kwa kazi hii ni ule ambao Wakamba huuita mulawa, Wamaasai huuita esiteti, na wataalamu wa mimea huuita Grewia bicolor.

Mulawa ni mti mdogo au kichaka chenye mashina kadhaa yanayotoka chini pamoja. Mara nyingi hauzidi urefu wa mita chache. Njia rahisi ya kuutambua ni kugeuza jani: juu ni kijani, chini ni jeupe lenye kung'aa kama fedha. Upepo ukivuma, kichaka kizima huonekana kubadilika rangi. Maua yake ni ya manjano, na matunda yake madogo huliwa na watoto wachungao mbuzi.

Mbao yake ni ngumu, nzito na yenye nyuzi ndefu. Ndiyo sababu watu wa jamii mbalimbali huitumia kwa fimbo za kutembelea, rungu na mipini ya zana. Sifa hizo hizo ndizo uta unazozihitaji. Jambo la pili ni kwamba mulawa ukikatwa vizuri huchipua tena kutoka kwenye kisiki, na machipukizi hayo hupanda juu yakiwa yamenyooka kuliko matawi ya kawaida. Tutalirudia jambo hili, kwa kuwa ndilo litakalotuwezesha kupata uta bila kupoteza mti.

Kumbuka pia kwamba mulawa una kazi nyingine nyingi shambani. Mbuzi hula majani yake wakati wa kiangazi, nyuki hutembelea maua yake, na magome yake hutoa kamba. Anayekata kichaka kizima kwa ajili ya uta mmoja anainyima familia malisho, asali na kamba.

Mulawa si mti pekee. Wahadzabe wa Tanzania, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi na ambao bado huwinda kwa uta, hutumia zaidi mti wa jamii ya Dombeya. Miti ya jamii hiyo inapatikana pia nchini kwetu, na mmoja wao Wakikuyu huuita mukeu. Katika nyanda za juu zenye mvua, Wakalenjin wametumia mti waitao kuriot, ambao Wamaasai huuita olgelai. Kila eneo lina mti wake, na mzee wa eneo hilo ndiye anayeujua. Anza kwake.

Onyo moja ni la lazima. Usikate mti usioujua. Katika maeneo yetu kuna kivai, mti wenye majani ya kijani mwaka mzima, maua meupe yenye harufu nzuri na matunda ya zambarau. Huu ndio mti uliotumika kutengenezea sumu ya mishale, na sumu yake husimamisha moyo. Usiuchonge, usiufanye kijiti cha kuchomea nyama, wala usiwaache watoto wauchezee.

MAMBO SABA YA KUKAGUA MTI UKIWA UMESIMAMA

Ukishaupata mti unaofaa, usikimbilie kukata. Weka panga chini na ukague shina moja baada ya jingine.

1. Urefu na unyofu. Kwa mtu mzima, tafuta shina lililonyooka kwa karibu mita moja na sentimita 70. Uta wenyewe utakuwa mfupi kuliko hapo, lakini ncha mbili hupasuka wakati wa kukauka na utahitaji kuzikata. Kumbuka pia kwamba uta mrefu ni salama kuliko mfupi, kwa kuwa kila sehemu yake hukunjwa kidogo tu. Anayeanza asitengeneze uta mfupi.

2. Unene. Shina liwe nene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima, yaani sentimita tano hadi saba. Likiwa jembamba sana hutabaki na mti wa kutosha baada ya kuchonga. Likiwa nene sana utapoteza mti mwingi na nguvu nyingi.

3. Mwelekeo wa nyuzi. Tazama nyufa za gome. Zikishuka moja kwa moja kama mistari ya mvua, nyuzi za ndani pia zimenyooka. Zikizunguka shina kama kamba iliyosokotwa, achana nalo. Uta wa mti uliosokotwa hujigeuza ukivutwa, na ugwe hukataa kukaa katikati.

4. Vifundo. Kila mahali tawi lilipotokea pana kifundo ndani. Vifundo vidogo viwili au vitatu si tatizo kubwa, hasa vikiwa karibu na kishikio au vikielekea tumboni. Kifundo kikubwa upande wa mgongo, katikati ya mkono wa uta, ni mahali pa kuvunjikia.

5. Msimamo. Shina lililosimama wima ndilo bora. Shina lililoinama au tawi lililolala lina nyuzi za namna mbili: za juu zilikua zikivuta ili kulishikilia tawi lisianguke, na za chini zilikua tofauti. Mti kama huo hupinda unapokauka. Ikiwa huna budi kuutumia, fanya upande uliokuwa juu uwe mgongo wa uta.

6. Afya. Tafuta matundu ya fukusi, unga mwembamba chini ya gome, ukungu au makovu ya moto. Usivutiwe na shina lililokauka likiwa bado limesimama kwa kudhani limekuokolea muda. Mara nyingi limeshaliwa ndani.

7. Majirani zake. Hesabu mashina ya kichaka hicho. Yakiwa mawili tu, kiache kikue. Yakiwa matano au zaidi, unaweza kuchukua moja.

MAJARIBIO MAWILI YA DAKIKA TANO

Kuna majaribio mawili rahisi ambayo yatakuonyesha tabia ya mti kabla hujakata shina zima.

La kwanza ni la kijiti. Kata kitawi cha mti huo huo chenye unene wa kidole. Menya gome, kisha ukikunje polepole gotini hadi kivunjike. Tazama kilivyovunjika. Kikikatika kifupi na safi kama muhogo, mti huo haukufai. Kikipasuka kwa vibanzi virefu vinavyoshikana na kukataa kuachana, umepata mti wenye nyuzi ndefu.

La pili ni la kupasua. Chukua kipande cha tawi nene kidogo, urefu wa shubiri mbili, ukipasue katikati kwa panga. Ufa ukishuka moja kwa moja, nyuzi zimenyooka. Ufa ukizunguka, na shina nalo litazunguka.

Ukifanya hivi kwanza, utakuwa umepoteza vitawi viwili badala ya mashina matatu.

MITI INAYOWADANGANYA WENGI

Mkaratusi hupatikana kwa urahisi na umenyooka, ndiyo maana vijana huukimbilia. Tatizo ni kwamba hupasuka na kujipinda sana unapokauka, na nyuzi zake mara nyingi zimepishana. Mgrevilea na mwembe ni miepesi kuchonga, lakini haina nguvu za uta. Migunga mingi ni migumu, ila nyuzi zake hupishana na fukusi huipenda. Mpingo ni mti wa thamani, mzito mno, unaokua polepole sana. Kuukata kwa ajili ya uta ni hasara kwako na kwa ardhi.

Ikiwa uta wako ni wa kuonyeshwa tu jukwaani, na hautavutwa kurusha mshale, huhitaji mulawa hata kidogo. Tumia mgrevilea au tawi la mwarobaini lililopogolewa shambani, ulichonge vizuri na ulegeze ugwe. Walimu wa ngoma wakizingatia jambo hili moja, mashina mengi ya mulawa yatabaki kichakani kila msimu wa tamasha.

KUKATA: WAKATI NA NAMNA

Wakati mzuri wa kukata ni mwishoni mwa kiangazi, kwa mfano mwezi wa Septemba kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba. Sababu ni mbili. Wakati huo mti una maji kidogo, hivyo hukauka kwa utaratibu na huvutia wadudu wachache. Na mvua ikinyesha muda mfupi baadaye, kisiki hupata nguvu ya kuchipua.

Tumia msumeno kuliko panga. Panga huchana gome na kuacha kisiki kikiwa na vidonda vinavyoingiza maji na uozo. Kata kwa mshazari, karibu shubiri moja kutoka ardhini, ili maji ya mvua yateremke. Usikate usawa wa udongo, na usichome moto karibu na kisiki. Kisha chukua matawi yenye miiba na ukizungushie, kwa maana mbuzi hupenda machipukizi machanga kuliko kitu kingine chochote.

Machipukizi yakitokea, mwaka unaofuata acha matatu au manne yaliyonyooka, upunguze mengine. Hayo ndiyo mata ya baadaye. Kwa njia hii kichaka kimoja kinaweza kuwahudumia baba na mwana bila kung'olewa.

KUKAUSHA: HAPA NDIPO WENGI HUSHINDWA

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na ni kweli kwa watoto na kwa samaki. Kwa uta ni kinyume. Mti mbichi unaweza kunyooshwa ukiwa na kombo kidogo, lakini usifungwe ugwe hadi ukauke.

Ukishakata, fanya haya siku hiyo hiyo. Paka ncha zote mbili nta ya nyuki, mafuta mazito au rangi ya kuta. Maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha kuliko kwenye ubavu, na ncha zisipozibwa, nyufa huingia ndani kwa urefu wa kiganja au zaidi. Usimenye gome lote mara moja. Gome hupunguza kasi ya kukauka.

Laza mti mahali penye kivuli na hewa inayopita, juu ya vigingi viwili au vitatu, usiguse udongo kwa sababu ya mchwa. Usiuweke juani. Usiuegemeze ukutani kwa muda mrefu, utapinda. Baada ya wiki mbili au tatu, menya gome na uchonge umbo la uta kwa unene mkubwa, ukiacha mti wa ziada kila upande. Mti mwembamba hukauka upesi na kwa usawa kuliko shina zima. Ukiona umeanza kupinda, ufunge kwenye ubao ulionyooka ukaukie hapo.

Zamani mti wa uta uliwekwa juu ya meko, moshi ukaufukuzia wadudu. Njia hiyo bado inafaa, mradi usiwe karibu sana na moto. Joto kali hukausha nje na kuacha ndani na maji, na hapo ndipo mti hupasuka kwa mlio usiku ukiwa umelala.

Utajuaje kwamba umekauka? Usikisie. Pima uzito. Tumia mizani ya jikoni au ya dukani, andika uzito kila wiki ukutani kwa mkaa. Wiki za kwanza utapungua sana, kisha kidogo kidogo. Ukipima wiki tatu mfululizo na uzito haubadiliki, mti wako uko tayari. Katika maeneo makavu mti uliokwisha kuchongwa umbo unaweza kuchukua miezi miwili au mitatu. Katika milima yenye ukungu kama Mbooni na Kilungu, ngoja zaidi. Haraka haraka haina baraka.

KUCHONGA KWA KIFUPI

Ufundi wa kuchonga hujifunzwa kwa kukaa na fundi, si kwa kusoma gazeti. Hata hivyo yapo mambo manne ambayo kila anayeanza anapaswa kuyashika.

Kwanza, amua mapema upande gani ni mgongo, na usiuguse kwa panga wala tezo. Menya gome tu, ulainishe kwa msasa. Mti wote unaopunguzwa utoke tumboni na ubavuni.

Pili, punguza kidogo kidogo, ukiukunja uta polepole na kutazama umbo lake. Mikono yote miwili ikunjike sawa, kama mwezi mchanga. Mahali pasipokunjika ndipo pa kupunguza. Mahali panapokunjika sana pasiguswe tena. Kipande cha chupa iliyovunjika, kikishikwa kwa kitambaa, hukwangua vizuri kuliko kisu mwishoni mwa kazi.

Tatu, usivute uta hadi mwisho siku ya kwanza. Uuzoeshe, leo nusu, kesho zaidi.

Nne, usiachie kamwe ugwe bila mshale. Nguvu ambazo zingebebwa na mshale hurudi zote ndani ya uta, na uta mzuri unaweza kuvunjika kwa kosa hilo moja. Ukimaliza kuutumia, fungua ugwe.

SHERIA INASEMA NINI

Uta ni sehemu ya utamaduni wetu, na Katiba katika Kifungu cha 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Hakuna anayezuiwa kujifunza ufundi huu. Lakini yapo mipaka ambayo mkazi anapaswa kuijua ili asijikute mahakamani.

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inaadhibu anayewinda hata kama anatafuta kitoweo tu. Pia ni kosa kupatikana na silaha, mtego au sumu ndani ya mbuga ya taifa. Wakazi wanaopakana na Tsavo na Chyulu wawe waangalifu zaidi. Usivuke mpaka wa mbuga ukiwa na uta, hata kama unatafuta mti tu au unamfuata ng'ombe aliyepotea. Mwarifu afisa wa wanyamapori kwanza.

Kuhusu miti, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kukata mti katika msitu wa umma bila kibali. Mti ulio katika shamba lako una nafasi tofauti, ila ukitaka kusafirisha mazao ya miti kwa ajili ya biashara, uliza kwanza ofisi ya misitu iliyo karibu nawe kuhusu vibali. Katika shamba la jirani, omba ruhusa. Kichaka kisicho na ua hakimaanishi hakina mwenyewe.

TUSIRUDIE YALIYOUPATA MUHUGU

Hatuhitaji kwenda mbali kupata fundisho. Wachongaji wa Ukambani, wakianzia Wamunyu katika kaunti jirani ya Machakos baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, waliijengea Kenya jina ulimwenguni kwa vinyago vyao. Kazi ilikuwa nzuri na soko likakua. Mti waliouchagua zaidi ulikuwa muhugu, pamoja na mpingo. Miti hiyo hukua polepole sana. Ilikatwa kuliko ilivyoweza kukua, na wachongaji wakajikuta wakitafuta malighafi mbali zaidi na kwa bei kubwa zaidi. Hatimaye wengi waligeukia mwarobaini, mwembe, mjakaranda na mgrevilea, miti ipatikanayo mashambani na inayokua upesi.

Wachongaji wa vinyago walikuwa na mahali pa kugeukia, kwa sababu kinyago kinaweza kuchongwa kwa miti mingi. Uta hauna bahati hiyo. Mwembe hautatoa uta wa kurusha mshale hata ukichongwa na fundi gani. Mulawa ukiisha vichakani mwetu, ufundi wa uta utaisha nao.

Habari njema ni kwamba bado hatujafika huko, na dawa ni rahisi. Mwenye shamba anaweza kuacha mulawa uote kwenye mpaka au kwenye ukingo wa mtaro badala ya kuung'oa wakati wa kufyeka. Hauhitaji kupandwa kila mara. Mara nyingi visiki vipo tayari ardhini, vinaliwa na mbuzi kila vinapochipua. Vikizungushiwa miiba misimu miwili, vinanyanyuka. Anayetaka kupanda kwa mbegu anaweza kuomba ushauri kwa maafisa wa kilimo wa wadi au kwa Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ambayo ina kituo chake cha maeneo kame mjini Kitui. Na kila mti wa asili unaoachwa kusimama ni hatua kuelekea asilimia 10 ya miti ambayo Kifungu cha 69 cha Katiba kinailazimu Serikali kuifikia nchini.

MAARIFA NAYO YAANDIKWE

Mti unaweza kuchipua tena. Mzee akiondoka na ujuzi wake, hachipui. Sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na maonyesho ya utamaduni imezipa serikali za kaunti jukumu la kusajili na kuhifadhi maarifa ya jamii zilizomo. Maarifa ya kuchagua mti wa uta ni mojawapo. Ikiwa kwenu kuna mzee anayejua mti gani unafaa, unakatwa lini na unakaushwa vipi, mkalishe na kijana aandike. Andikeni jina la mti kwa lugha ya nyumbani, mahali unapoota na namna ya kuutambua. Kisha pelekeni taarifa hiyo kwa afisa wa utamaduni wa kaunti ndogo, mzee mwenyewe akiwa ameridhia na jina lake likiwa limewekwa pale panapostahili.

KWA UFUPI

• Tambua mti kwanza. Kwa mulawa, geuza jani uone weupe wa chini. Kama huna hakika, muulize mzee.
• Jaribu kijiti kabla ya kukata shina.
• Chukua shina moja katika kichaka chenye mashina matano au zaidi.
• Kata mwishoni mwa kiangazi, kwa msumeno, kwa mshazari, kisha uzungushie kisiki miiba.
• Ziba ncha, kausha kivulini, pima uzito kila wiki.
• Usiguse mgongo wa uta kwa panga. Usiachie ugwe bila mshale.
• Uta wa jukwaani utengenezwe kwa mgrevilea au mwarobaini.
• Usiwinde, usitumie sumu, na usiingie mbugani na uta.

Mkazi akifuata haya, shina alilolikata mwaka huu litakuwa na wenzake watatu wamesimama kwenye kisiki kile kile mwanawe atakapofika umri wa kushika uta.